Acheni vitabu vichakae

Nina kosa la kuungama. Mwaka 1998, katika shule moja ya msingi wilayani Ngara, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa stoo. Yakaletwa maboksi manne ya vitabu vya hadithi, vipya, vinanukia wino. Nikavihesabu, vikawa 240. Nikavigonga mhuri ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikaviandika kwenye leja, nikavifungia kabatini. Ufunguo ukakaa mfukoni mwangu miaka miwili. Kila alipokuja mkaguzi nilimfungulia: 240 kwenye leja, 240 kabatini. Anaridhika, anasaini, anapanda gari.

Siku ya makabidhiano, nilipopata uhamisho, mwenzangu akavuta rundo la chini. Likaja jalada tupu. Akavuta jingine, ukamwagika udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakapitia nyuma ya kabati, wakavimaliza vyote. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amewatangulia.

Sasa nakula pensheni. Kila Jumamosi tunakutana watu sita: mimi, muuguzi mstaafu, mama muuza maandazi, binti aliyemaliza kidato cha nne na vijana wawili wa bodaboda. Hatuna jina wala fulana. Tuna salfeti mbili za vitabu na mkeka. Tunazunguka vijiji vya Ngara, na mara mojamoja tunashuka hadi Nyakahura na Lusahunga, upande wa Biharamulo, kwenye barabara ile ya malori yaendayo Kigali na Bujumbura. Tunatandika mkeka, watoto wanakaa, tunasoma nao saa mbili. Wakiondoka, kila mmoja anaondoka na kitabu. Wiki ya pili anakirudisha na kuchukua kingine, na akikipenda sana tunamwachia.

Jumamosi moja, chini ya mparachichi, mvulana wa darasa la tatu alinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Alisoma “arirara” palipoandikwa “alilala”. Hilo halikunishtua, maana ndimi zetu za huku r na l zimekuwa jirani tangu zamani. Kilichonishtua ni macho yake. Yalikuwa kwenye picha. Nikaweka kiganja juu ya picha ya kuku nikamwambia aendelee. Akanyamaza. Ukurasa alikuwa ameukariri kwa kumsikia dada yake. Muuguzi wetu akachutama karibu naye, akaondoa mkono wangu, akamwuliza: “Huyu kwenu mnamwitaje?” “Inkoko,” akajibu, na wenzake wakacheka. “Haya, shuleni anaitwa kuku. Nionyeshe pale ilipo ku ya kwanza.” Walikaa kwenye neno hilo moja dakika kumi. Mwishoni alilipata peke yake mahali pengine, ukurasa wa nyuma, pasipo na picha.

Watu wa mijini wanaweza kusahau kwamba kwa mtoto wa huku Kiswahili kinaanza kwa uzito mlangoni mwa shule. Nyumbani Ngara ni Kihangaza au Kishubi. Ukivuka kwenda Biharamulo ni Kisubi, Kizinza, Kisukuma. Mtoto huyo anajifunza mambo mawili kwa mpigo, lugha na herufi zake, ndani ya darasa lililojaa, kwa kitabu cha kiada anachokichungulia begani mwa mwenzake na kinachobaki shuleni jioni. Nyumbani, maandishi anayokutana nayo ni kalenda ya chama au ya kanisa, kadi ya kliniki, na karatasi ya sabuni. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipopima kusoma kwa watoto nchini kwa mara ya kwanza, mwaka 2010, walikuta kwamba takriban 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Walimu wengi walikasirika. Mimi nililikumbuka kabati langu.

Hoja yangu ni hii: kitabu cha mtoto kinapaswa kuchakaa, na sisi wenye funguo ndio tunaokizuia. Tumekifanya mali ya serikali kama dawati au bati. Kikipotea, mwalimu mkuu anaandika maelezo. Kikichanika, mzazi anadaiwa. Mwalimu mwenye akili timamu atafanya nini? Atafunga. Hakuna mwalimu niliyemwona akiandikiwa barua kwa sababu vitabu vyake ni visafi mno.

Kwamba kusoma kunakufa kusipokuwa na cha kusoma mkononi, nililiona kwanza kwetu nyumbani. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa na watoto sita, miaka ya sabini, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kabla ya hapo mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa tayari ndiyo ya majaribio ya kisomo chenye manufaa. Mwanza walijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Sisi wa Ziwa Magharibi tuliletewa kitabu cha migomba. Aliyemfundisha mama alikuwa kijana wa jirani aliyeishia darasa la saba, akijitolea kwa posho ya kununulia sabuni. Walikaa kwenye benchi za shule jioni, mama amembeba mdogo wangu mgongoni. Ulipofanyika mtihani wa taifa Agosti 1975 naye alikuwamo. Alifaulu, na cheti alikihifadhi pamoja na vitenge vyake.

Kitaifa hesabu zilipendeza. Mwaka 1967 watu wazima 67 kati ya 100 hawakujua kusoma. Kufikia 1986 tuliambiwa wamebaki chini ya 10. Lakini sensa ya 2012 ilikuta tena zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma na kuandika. Sababu ni nyingi: hali ngumu ya miaka ya themanini, ada zilizorudi shuleni, watoto walioacha masomo. Sababu moja niliiona kwa macho. Mama alikuwa akisoma gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililokuwa likitoka Mwanza. Likaacha kufika. Ikabaki Biblia, nayo herufi zake ndogo. Uzeeni barua zikawa zinasomwa na wajukuu. Kusoma kulimtoka polepole, kama njia ya shambani inavyofunikwa na majani isipopitwa.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba fulani ametoa vitabu elfu moja, sipigi makofi haraka. Sisi wa Ngara tunaijua misaada. Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, na pale Benaco ukaota mji wa mahema. Tuliona maghala, magari meupe, na maturubai ambayo mengine yalikuja kuezeka mabanda ya mbuzi. Tulijifunza lugha ya miradi: semina, posho ya kikao, awamu ya pili. Tulijifunza pia kwamba mradi una siku ya kufungwa, na siku hiyo kinachobaki ni kile ambacho watu wenyewe wamekizoea. Katika vile vilivyoanza siku zile, Radio Kwizera iliyoanzishwa mwaka 1995 ingali inasikika, maana watu walizoea kuiwasha.

Kuna pia swali la vitabu vyenyewe. Nimewahi kufungua boksi kutoka nje, limesafiri bahari mbili, nikakuta vitabu vya Kiingereza vya mchezo wa magongo juu ya barafu na mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Aliyetuma alikuwa na moyo mwema, nami namshukuru. Lakini mtoto anayetafuta neno kuku hawezi kuanzia kwenye barafu. Vitabu vyake vipo, tena karibu. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukiwasaidia waandishi na wachapishaji wa Kitanzania kutoa hadithi za Kiswahili na kuzifikisha shuleni. Bukoba, makao makuu ya mkoa wetu, ina mchapishaji wake, Tanzania Educational Publishers. Na Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House kuanzia 1972 na kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, ni mzaliwa wa Ngara hii hii. Wilaya iliyomzaa mchapishaji wa kiwango hicho haipaswi kusubiri kontena. Mwenye pesa za kusafirisha boksi kutoka ng'ambo, anunue hapa, vijitabu vyembamba vya kurasa 16 au 24 vyenye picha, na nauli itakayookolewa iongeze nakala.

Najua nitakayoambiwa. La kwanza: watavichana. Ndiyo, watavichana. Watavimwagia uji, mdogo wao atachora ng'ombe kwenye jalada, na kimoja kitawashiwa jiko siku ya mvua. Katika kila vitabu kumi tunavyotoa tunapoteza viwili au vitatu. Mimi kabatini nilipoteza 240 kati ya 240.

La pili ni zito zaidi: kwamba wanaojitolea wanaifanya kazi ya serikali, na serikali itapumzika. Kusoma kunafundishwa na mwalimu aliyesomea, na sitakubali mtu aseme mama muuza maandazi atachukua nafasi yake. Yeye hafundishi KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Anakaa na mtoto mmoja, anamsikiliza, anamwachia muda wa kukosea. Mwalimu mwenye watoto mia moja hana muda huo hata angekuwa malaika. Kazi hizi mbili zinahitajiana, na ndiyo maana halmashauri inapaswa kutusaidia kwa mambo ambayo hayana gharama kubwa.

Mkurugenzi wa Ngara na mwenzake wa Biharamulo, nawaomba matatu. Kwanza, vitabu vya ziada, tofauti na vya kiada, vihesabiwe kama chaki: kitu kinachotumika kikaisha. Baada ya miaka miwili vifutwe kwenye leja bila mwalimu mkuu kuandikiwa barua. Pili, mkaguzi akifika asiulize vimebaki vingapi. Aombe daftari la kuazima, na shule ambayo vitabu vyake ni ving'avu ndiyo ieleze kulikoni. Tatu, katika mapato ya ndani, yakiwemo ya kahawa yetu, itengwe sehemu ya kununua hadithi za Kiswahili kila mwaka, hata kama ni nakala hamsini kwa shule. Sisi wa salfeti hatuombi posho. Tunaomba darasa moja liachwe wazi Jumamosi wakati wa masika, maana mparachichi hauzuii mvua.

Mwezi uliopita tulikuwa Nyakahura. Mama mmoja alifika kabla hatujatandika mkeka, amemshika bintiye mkono, kitabu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. “Shikamoo Mwalimu.” “Marahaba, mwanangu.” “Mwalimu, naomba usimchape. Kimechanika.” Nikakifungua. Kurasa za katikati zilikuwa zimetoka, na mtu alikuwa amezirudisha kwa sindano na uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana, kama ya sare ya shule. Nikamwuliza nani ameshona. Akasema ni yeye, usiku, kwa sababu mtoto alikataa kulala kabla hajajua ile hadithi inaishaje, na ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa umedondoka.

Nikafungua daftari. Kwenye safu ya hali ya kitabu nikaandika: kimeshonwa. Kisha nikamwambia binti achague kingine, naye mama akakaa ukingoni mwa mkeka kusikiliza.