Mlima wa Mwisho Kabla ya Kolwezi

Ndugu vijana, wengi wenu mnaijua njia itokayo vijiji vya Ziwa Nzilo kwa macho ya abiria. Mmeipita juu ya pikipiki, au ndani ya gari mkifunga kioo kwa ajili ya vumbi. Leo nawaomba muitazame kwa macho ya mtu anayeipanda na kinga yenye magunia ya makala. (Ndugu zetu wa Tanzania husema baiskeli na mkaa, kwao makala ni maandishi kama haya.)

Mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Lualaba na ziwa lake viko chini. Atokaye huko hana budi kupanda, wala njia haimpandishi kwa mara moja: humshusha bondeni, humwinua, kisha humshusha tena. Kwenye mteremko mzigo ndio unaomsukuma yeye, naye huzuia gurudumu kwa soli ya kandambili mpaka inanuka moto. Kwenye mlima hushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaegemeza bega kwenye magunia na kusukuma hatua kwa hatua. Akitaka kupumua huitegemeza kinga kwa gongo, maana ikilala hawezi kuiinua peke yake. Ya majira ya mvua siyasemi.

Bwawa la Nzilo lilijengwa na Union Minière katika miaka ya 1950 ili kuyapa machimbo umeme. Hata hivyo nyumba nyingi za mitaa yetu hupika kwa makala, kwa kuwa umeme haufiki, au ukifika hauna uhakika. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi yetu, nyingi yake hapa Lualaba. Huingia katika betri, zikiwemo za baiskeli za umeme za Ulaya, ambazo mzee wa miaka 70 hupandia kilima bila kuhema.

Simlaumu mzee huyo. Lawama yangu iko karibu zaidi.

Alfajiri moja nilimkuta muuza makala juu ya mlima wa mwisho, shati limemganda mwilini. Nilijua kwamba hatarudi na mzigo ule. Kwa hiyo nikasema: "Papa, punguza elfu mbili." Akanitazama, akatazama barabara, akajibu: "Leta, mama." Nilifika nyumbani nikijisifu kwa akili ya soko. Jioni, nilipokuwa nikiwasha mbabula, ndipo nilipoelewa kwamba sikununua kwa akili; nilinunua uchovu wake.

Wako watakaosema kwamba watu hawa wanaumaliza msitu wa miombo. Ni kweli unaisha, na kila mwaka tanuri husogea mbali zaidi, na njia huongezeka milima. Lakini miti ile hukatwa kwa ajili ya vyungu vyetu. Tena, anayepunguziwa bei hapunguzi safari. Huongeza gunia, na gunia ni miti. Anayepigania elfu mbili mlimani asijidai mlinzi wa msitu siku ya Jumapili.

Vikundi vyenu hukusanya michango kwa ajili ya sare na safari. Naona mnaweza pia kupatana na wauzaji wachache bei moja ya haki, mkaitangaza kwa mama zenu, na kuilipa hata siku ambayo muuzaji amechoka kiasi cha kukubali chini yake. Wenye ufundi wafinyange mbabula za udongo zinazotumia makala machache. Na mwenye kifua chenye nguvu aamke siku moja saa kumi usiku, ateremke hadi chini ya ule mlima, ashike nyuma ya gunia na kusukuma. Asiombe kupigwa picha.

Mimi bado namtafuta yule papa. Elfu mbili zake ninazo.