TEMBEA UONE: Chakula cha Dirishani



Wazee wetu walituachia neno fupi: tembea uone. Lakini wengi wetu tukisafiri twabeba nyumba yetu mgongoni kama konokono. Miguu hufika nchi ya kigeni, bali tumbo na moyo hubaki kijijini. Juma hili twapenda kuwasimulia safari yetu moja kwa gari la moshi, na jambo dogo lililotokea dirishani. Twaona kwamba jambo hilo lawahusu sana watu wa Masisi na wa Walikale.

Reli haiko Masisi wala Walikale. Sisi tumezoea lori, pikipiki na matope. Mtu wa huku aliyetaka kwenda baharini kwa gari la moshi aliweza kupanda milima, ashuke Sake, afike Goma, apande meli ya ziwa Kivu mpaka Bukavu, afuate bonde la Ruzizi mpaka Uvira, avuke Burundi, ndipo aione reli huko Kigoma, katika nchi ya Tanzania. Njia hiyo tuliishika miaka kadhaa kabla vita haijauteka mji wa Goma katika mwezi wa Januari 2025. Tulifuatana na vijana wawili waliokuwa wamemaliza masomo yao, mmoja mzaliwa wa Masisi, mwingine wa Walikale.

Kijana wa Masisi alichukua jibini ya kwao na viazi ulaya vya kuchemsha. Kijana wa Walikale alichukua kwanga iliyofungwa vema kwa majani, pamoja na ndizi za kuchoma. Tangu Goma kila mmoja alikula chake peke yake. Wa Masisi alisema, “Harufu ya kwanga yanitapisha.” Wa Walikale akamjibu, “Na hiyo jibini yako si maziwa yaliyooza?” Walicheka wote wawili, lakini kicheko chao kilikuwa na mwiba. Sisi tulisikia, tukanyamaza. Twakiri kwamba tulikosa, maana mkubwa anyamazapo, mdogo hudhani amepewa ruhusa.

Tulipofika Kigoma tuliwaonyesha stesheni ya kale iliyo karibu na ziwa Tanganyika. Reli ile ilianza kujengwa na Wadachi huko Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake wapata kilomita 1,250. Watu wa Kongo wanaijua njia hiyo tangu zamani. Mwaka 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji, pamoja na wapagazi wengi sana, waliingia nchi hiyo kwa miguu mpaka wakauteka mji wa Tabora. Na kwa mapatano ya mwaka 1921, Wabelgiji walipewa nafasi yao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo ipite huko. Babu zetu waliijua njia hiyo kwa kubeba mizigo ya wengine. Sisi twaipita tumekaa kitini. Yatupasa kushukuru.

Jioni ile, kando ya ziwa, mama mmoja alikuwa akikaanga samaki wadogo waitwao lumbu. Kijana wa Masisi aliwatazama, akasema, “Hawa ni sambaza wetu wa Goma!” Kweli alisema. Lakini hakujua kwamba sambaza si wa asili katika ziwa Kivu. Walitolewa ziwa Tanganyika, wakatiwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960, ili watu wapate kitoweo. Basi samaki ambao leo twawaita wetu walikuja kwetu kama wageni, nasi tukawapokea. Kando ya samaki palikuwa na majani ya muhogo yaliyotwangwa. Sisi twayaita sombe, na watu wa pwani huyaita kisamvu. Jina ni jingine, chungu ni kile kile.

Usiku gari liling'oa nanga, kama wasemavyo mabaharia. Kila kituo kina soko lake, na soko hilo huishi kwa dakika chache tu. Gari likisimama, akina mama na watoto hukimbia na mabeseni kichwani: mayai ya kuchemsha, karanga, mihogo ya kukaanga, mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu, chai katika chupa za moto. Penye chumvi ya Uvinza na penye asali ya Tabora, abiria hutoa kichwa dirishani na kuuliza bei. Filimbi ikilia, mikono hupishana kwa haraka, hela juu, chakula chini.

Kijana wa Walikale alikuwa akionja kila kitu kwa furaha. Mwenzake wa Masisi alikataa. Alisema, “Mimi sili chakula cha njiani nisichokijua.” Siku ya pili jibini yake ilikwisha, na viazi vyake viliharibika kwa joto. Aliegemea dirisha, midomo imekauka, wala hakuomba kitu, maana alikumbuka maneno aliyoyasema njiani.

Tukafika Saranda, kituo kilicho upande wa magharibi wa Dodoma, ambacho abiria wa reli ile hukijua sana kwa chakula chake. Mama mmoja alikuja chini ya dirisha letu na sahani za wali na kuku. Aliwasikia vijana wakisema maneno mawili matatu, akatabasamu, akauliza: “Wanangu, ninyi Wakongo wawili, niwape sahani moja au mbili?”

Ninyi Wakongo wawili! Mama yule hakujua Masisi, hakujua Walikale. Hakujua nani ni mtu wa milima na nani ni mtu wa msitu, wala kabila la huyu na la yule. Aliona ndugu wawili wenye njaa. Kijana wa Walikale akasema, “Mama, tupe mbili.” Akalipa zote mbili, akamsukumia mwenzake sahani moja, akasema, “Kula, ndugu yangu. Njaa haina kwao.” Yule wa Masisi alikaa kimya kitambo. Kisha akanawa, akala. Alipomaliza, alisema kwa sauti ndogo, “Kaka, ile kwanga yako, kama imebaki, nionjeshe.” Ilikuwa imebaki kipande kimoja.

Ndugu wasomaji, tuliwaambia vijana hao neno ambalo lilitupasa kulisema tangu Goma. Muhogo ambao watu wa msitu wauita chakula cha babu asili yake ni Marekani ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Na viazi ulaya, ambavyo watu wa milima wajivunia, asili yake ni milima ya huko huko Marekani ya Kusini. Ufundi wa jibini ya Masisi nao ulitoka Ulaya. Basi kiazi na muhogo ni wageni wawili waliotoka bara moja, nasi twawafanya sababu ya kudharauliana! Anayekidharau chakula cha mwenzake huanza kwa kuziba pua. Kesho humdharau mpishi, keshokutwa humkataa jirani. Katika Masisi na Walikale tumeona dharau za namna hiyo zilivyokua, na matunda yake machungu twayajua sote.

Hata hivyo, hatusemi kwamba msafiri ale ovyo. Kipindupindu hakichagui mgeni wala mwenyeji. Kwa hiyo shikeni mambo haya. Chagueni chakula kilichoiva na kingali moto. Tunda limenyeni wenyewe. Maji yasiyochemshwa msinywe. Naweni mikono kabla ya kula, hata kama maji ni kidogo. Tazameni wenyeji wananunua kwa nani, maana wao wawajua wapishi wao. Ulizeni bei kwanza, tena chukueni hela ndogo ndogo, ili muuzaji asihangaike kutafuta chenji huku magurudumu yakizunguka. Na gari likianza kwenda kabla hamjalipa, mtupieni haki yake. Sahani ile ni karo ya mtoto wake. Kumkimbia mjane kwa gari la moshi ni wizi, ingawa hakuna askari aliyeona.

Siku hizi mambo yabadilika. Tangu mwaka 2024 gari jipya la umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nalo laweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Ni jambo jema, maana mgonjwa na mfanyabiashara wafika upesi. Lakini gari likimbialo hivyo halina nafasi ya kusimama kwa ajili ya beseni la mihogo. Atakayesafiri kwa haraka ataona nchi nyingi, lakini ataonja chache.

Mwisho tuseme juu ya kwetu. Si lazima mtu afike Saranda ndipo ajifunze. Lori lisimamapo njiani, akina mama wetu nao huja na mahindi ya kuchoma, jibini, ndizi na kwanga. Wengi wao wamefukuzwa na vita kutoka mashamba yao, na beseni lile ndilo shamba lililobaki. Utakapopita tena, ewe mtu wa Masisi, nunua chakula cha Walikale. Nawe mtu wa Walikale, nunua cha Masisi. Onja kabla ya kusema. Ukiona ni kitamu, sifu. Usipokipenda, shukuru tu, unyamaze.

Vijana wale wawili hawakukaa pamoja baada ya safari. Kila mmoja alishika njia yake. Lakini siku ya kurudi, kule Kigoma, tuliwaona wakinunua lumbu waliokaushwa. Walinunua fungu moja, wakaligawa nusu kwa nusu, kila mmoja ampelekee mama yake.