Sawa kwa Kimo Kipi?

Kuna neno limenichosha: "sawa."

Mpwa wangu, msichana, ana miaka 9. Wapimaji walipofika shuleni kwao hapa Embu, alipanda mizani: kilo 21.5. Akasimama ukutani: sentimita 118. Kijana mwenye simu akabonyeza, akasoma: BMI 15.4. "Huyu yuko sawa." Jina lake likakosa kuingia kwenye orodha ya watoto wa kupewa uji wa ziada. Mamangu, aliyekuja kututembelea kutoka kwetu Meru, akauliza, "Sawa namna gani, na sare ya gredi ya kwanza bado inamtosha?" Akajibiwa, "Shosho, simu haidanganyi."

Ni kweli haikudanganya. Iliulizwa swali lisilofaa.

BMI ni kilo ukigawanya kwa mita za kimo, mara mbili. Mzizi wake ni hesabu za Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akimsaka mtu wa wastani. Hakuwa daktari wa watoto. Sasa, mtoto aliyekosa lishe bora miaka mingi hakondi tu, anadumaa. Kimo kinabaki chini, kilo nazo zinabaki chini. Gawanya kidogo kwa kidogo, jibu linatoka zuri. Njaa imejificha ndani ya hesabu.

Fungua chati ya WHO ya 2007, ukurasa wa kimo kwa umri. Msichana wa miaka 9 wa kadiri ana sentimita 132 hivi. Akiwa chini ya 120 hivi, amedumaa. Mpwa wangu ana kimo cha mtoto wa miaka sita na nusu. Chati ni zilezile za WHO, ni ukurasa tu uliorukwa.

Najua nitakachoambiwa: "Hizo ni chati za Wazungu, sisi ni wafupi kiasili." Ni kweli, ile ya 2007 ilitokana na vipimo vya watoto wa Marekani. Lakini ile ya 2006, ya walio chini ya miaka 5, ilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na waliotunzwa vizuri walirefuka karibu sawa. Tusisingizie damu makosa ya sahani.

Na ni sahani gani? Githeri leo, githeri kesho, nyama Krismasi. Embu, kuliko kwingine kote, tungepaswa kujua. Kuanzia 1998, Charlotte Neumann na Nimrod Bwibo waliongoza utafiti katika shule 12 za Kyeni: wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye mafuta, wengine hawakupewa kitu. Wa nyama waliongeza misuli ya mkono na kufanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kufikiri. Maziwa yaliwasaidia waliodumaa kurefuka. Yaani jibu lilipikwa hapahapa!

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa; waliokonda ni 5. Anayesaka waliokonda pekee anawapita wengi mlangoni.

Sisemi BMI itupwe. Inamkamata aliyekonda, inamkamata mnene pia. Nasema isiamue peke yake nani ale. Kimo kimeshapimwa, umri uko kwenye rejista. Kuvilinganisha ni dakika moja. Kwa hivyo mzazi, ukiambiwa mtoto yuko sawa, usiondoke. Uliza: sawa kwa kimo kipi?