Motokaa Kuukuu ya Kizungu: Ni Mali au Ni Mzigo?



Mzee wetu mmoja wa Pemba ametuletea swali, akatuomba tulijibu humu hadharani, kwani anaona huenda kesho likamfika mwingine. Mwanawe anafanya kazi Uingereza. Huko ameona motokaa aina ya MGB, ya miaka ya 1970, imelala bandani kwa jirani. Ina kutu na injini haiwaki, na mwenyewe anataka pauni 3,000. Kijana amemwandikia babake kwamba washirikiane: yeye atoe nusu ya gharama na mzee atoe nusu kutokana na fedha ya karafuu, waitengeneze mpaka iwe kama mpya, kisha waiuze na kugawana faida. Hoja yake ni kwamba motokaa za namna hii hazishuki thamani, bali hupanda.

Mzee anakiri kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeitia mbegu hii. Kijana alipokuwa mdogo alikuwa akimsimulia habari za motokaa hizo ndogo za mbio, za watu wawili na paa la turubai la kukunja, alizokuwa akiziona Mombasa ujanani mwake. Sasa anauliza: atoe fedha, asitoe?

Jibu letu twalisema mapema. Ikiwa kinachotafutwa ni faida, asitoe. Lakini kumkataza mtu mzima bila ya kumpa sababu si adabu njema, tena kijana huyu hakusema uwongo mtupu. Basi tuanze na yaliyo kweli katika maneno yake.

MGB ilianza kuuzwa mwaka 1962, ikaendelea kutengenezwa katika kiwanda cha Abingdon mpaka 1980. Zilitoka zaidi ya 500,000. Kwa wingi huo, spea zake karibu zote hupatikana mpaka leo, na tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage hutengeneza hata bodi nzima mpya. Serikali ya Uingereza haitozi kodi ya barabara kwa motokaa iliyopita miaka 40, na tangu 2018 motokaa ya umri huo, ikiwa haikubadilishwa sana umbo lake, hailazimishwi kwenda kukaguliwa kila mwaka. Mtu akiuza motokaa yake mwenyewe kwa faida, naye si mfanyabiashara wa magari, kwa kawaida faida ile haitozwi kodi. Tena motokaa mpya huanza kupoteza thamani siku ile ile inapotoka dukani, na MGB nzuri iliyotunzwa haianguki namna hiyo. Yote haya ni kweli, na kijana anastahili kusifiwa kwa kuyachunguza.

Tatizo ni kwamba vijana husikia pia habari za bei za ajabu. Mwezi wa Mei 2022 motokaa ya Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135. Habari hiyo ilienea ulimwengu mzima, na wengi wakadhani kila chuma kikuukuu cha Ulaya kimegeuka dhahabu. Lakini motokaa za umbo lile zilitengenezwa mbili tu. Kitu kilicho viwili duniani hakina biashara moja na kitu kilichotengenezwa mara laki tano.

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tulifungue daftari.

Adui mkubwa wa motokaa hii ni kutu, wala si injini. Injini yake ni ya silinda nne, nyepesi kufahamika, na fundi yeyote hodari huitengeneza. Lakini MGB haina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo nguvu yake, na kwa kuwa haina paa la chuma, uzito mwingi huchukuliwa na vizingiti vilivyo chini ya milango. Vizingiti hivyo ni mabati yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, na ndani yake mna uwazi. Barabara za Uingereza hunyunyizwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na maji yale ya chumvi hujipenyeza humo yakala bati kutoka ndani kuja nje. Kutu inapoonekana kwa nje, ndani imekwisha kula mengi.

Kuviondoa vizingiti hivyo si kazi ya siku moja. Lazima kwanza bodi ifungwe vyuma vya kuishikilia, kwani ukikata kizingiti bila ya kufanya hivyo motokaa hupinda katikati kama mtumbwi uliovunjika mgongo, na milango haifungi tena. Kisha hukatwa, huchomewa mabati mapya, husawazishwa, hupigwa rangi ya chini, halafu rangi ya juu. Baada ya hapo ndipo mtu aanze kufikiri habari ya breki, springi, nyaya za umeme, viti na turubai.

Tuchukue mfano wa hesabu, na kila mtu aweza kuibadilisha kwa bei za mahali pake. Tuseme kazi yote ni saa 500, na gereji inatoza pauni 50 kwa saa. Hizo ni pauni 25,000. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uingereza ni asilimia 20, zinakuwa 30,000. Tuseme spea na rangi ni pauni 7,000. Ongeza zile 3,000 za kununulia. Jumla ni pauni 40,000, na nusu ya mzee wetu ni 20,000. Sasa tazama upande wa pili wa daftari: MGB nyingi za wazi zilizo nzuri, ziendazo barabarani bila ya taabu, huuzwa chini ya pauni 15,000. Hata ukipunguza saa za kazi zikawa nusu, bado hasara ipo.

Kijana aweza kusema kwamba kazi ataifanya mwenyewe. Vyema, na hapo hesabu hupungua sana. Lakini saa 500 hazikuondoka. Akifanya kazi saa tano kila Jumamosi, ni Jumamosi 100, yaani miaka miwili bila ya kukosa hata moja, iwe mvua au theluji. Atahitaji banda la kukodi, vyombo vya kuchomea, na mtu wa kumfundisha. Mwisho wake akibahatika atarudisha fedha aliyoitia, na Jumamosi zake zote atakuwa amezitoa bure. Ikiwa kazi ile inamburudisha, hajala hasara. Ikiwa aliifanya kwa tamaa ya faida, amejiajiri bila ya mshahara.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu, na sisi wakulima wa karafuu hatungehitaji kufundishwa na mtu. Gharama uliyoitia katika kitu haimlazimishi mnunuzi kuilipa. Bei hufuata haja ya mnunuzi, haifuati jasho la muuzaji. Nchi ya Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu yetu kwa ajili ya sigara zake. Ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Karafuu yetu ilikuwa ile ile, imechumwa kwa taabu ile ile na kuanikwa kwenye majamvi yale yale. Hapana mnunuzi aliyesema, "Maskini, wametoka jasho, tuwaongeze."

Soko la motokaa kuukuu nalo ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei zake zilipaa Ulaya na Marekani, watu wakanunua hata kwa fedha ya kukopa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaanguka, na waliochelewa kuuza wakabaki na chuma na deni. Tena tujiulize, ni nani hasa anayeitamani MGB? Ni yule aliyeiona ujanani mwake akashindwa kuinunua, kama mzee wetu huyu. Watu hao wanazeeka, na wengi wao sasa wanauza badala ya kununua. Kama vijana wa leo watakuwa na shauku ile ile, hilo ni jambo la kubahatisha, na fedha ya karafuu si fedha ya kubahatisha.

Wako watakaosema kwamba maisha si fedha tupu, na mtu ana haki ya kufurahia kitu kizuri. Nasi twakubali. Hatumlaumu mtu anayefanya harusi ya mwanawe kwa kuwa harusi haileti faida. Tunalosema ni kwamba harusi iitwe harusi, isiitwe biashara. Kijana akiipenda motokaa hii, basi na ainunue kwa mshahara wake mwenyewe, kwa kiasi ambacho hata kikipotea hakitamzuia kulipa kodi ya nyumba.

Na akinunua, asinunue ile ya bandani. Anunue iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine, aliyeweka picha za kazi na stakabadhi zote. Mtu yule amekwisha kuibeba hasara, na wewe unanunua jasho lake kwa nusu ya gharama au chini yake. Kwa hiyo ile ya pauni 12,000 mara nyingi ni rahisi kuliko ile ya pauni 3,000.

Hata hivyo asinunue kwa macho tu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na rangi inayong'aa mara nyingi hufunika puti, na puti hufunika kutu. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe kwenye vizingiti na juu ya magurudumu. Pale isiponasa, hapana bati. Kisha aiinue motokaa kwa jeki ubavuni na kujaribu kufungua mlango na kuufunga. Mlango ukikwama, bodi imechoka na inapinda. Aulize pia kama injini imetengenezwa itumie petroli isiyo na risasi, kwani ile ya zamani iliondolewa katika vituo vya Uingereza mwanzoni mwa 2000. Na mipira ya kupitishia petroli aichunguze, kwa maana tangu 2021 petroli ya kawaida huko ina spiriti zaidi, nayo huila mipira ya kizamani.

Wala asifikiri habari ya kuileta huku. Motokaa ile ni fupi, karibu ilambe barabara, na hewa yetu ya bahari ina chumvi mwaka mzima. Kila spea ingebidi kuagizwa ng'ambo.

Sasa tumrudie mzee wetu na fedha yake. Fedha ya msimu mzuri ina wenyewe kabla ya mtu kufikiri biashara nyingine. Kwanza wachumaji, halafu palizi, majamvi, na akiba ya miaka ambayo mikarafuu hupumzika, kwani sote twajua mavuno makubwa hayaji kila mwaka. Baada ya hayo, kila mmoja na aende shambani mwake akahesabu mapengo. Mti uliokufa usiporudishiwa mche, pengo lile halileti kitu milele. Mche huanza kuzaa kati ya mwaka wa sita na wa nane, na ukitunzwa huendelea kuzaa miaka mingi, huenda akauchuma mjukuu. Baada ya dhoruba kubwa ya mwaka 1872 iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, waliopanda upya hawakuonja matunda ya kazi yao upesi, lakini walikuwa wanatengeneza kitu ambacho kila mwaka kikizidi umri ndivyo kinavyozidi kuzaa. Motokaa kila mwaka ikizidi umri ndivyo inavyozidi kudai.

Kwa hiyo tunamshauri mzee amwandikie mwanawe kwa upole. Asimwambie kwamba ndoto yake ni upuuzi, kwani ndoto ile ni yake yeye mzee pia. Amwambie kwamba fedha ya karafuu itarudi shambani, na shamba lile siku moja litakuwa lake. Na ikiwa kijana atajaliwa kununua motokaa nzima kwa mshahara wake, ampelekee babake picha, na siku mzee akijaliwa kumtembelea, ampakie upande wa kushoto wampeleke upepo, turubai likiwa limekunjwa. Hiyo itakuwa faida ya kutosha.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwenye hoja nyingine na atuletee, nasi tutaitoa humu ili wanachama wapime wenyewe.