Kuba la shaba: na Kapata kinabaki nini?

Mwaka 2015 Kolwezi ilipata kuwa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Mwaka ule ule, ku Biennale ya Venise, mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, alionyesha « The Other Memorial »: kuba la shaba lenye alama za chale, kama zile wazee wetu walikuwa wanachanja ku ngozi. Umbo lake linakumbusha kuba la kanisa la Cointe, kule Liège, pahali pa ukumbusho wa vita ya 1914-1918.

Habari hii inagusa Kapata namna gani? Kuba njo kichwa cha nyumba. Baloji amelitosha juu ya kuta, akaliweka mbele ya macho ya watu. Chale zinarudisha ngozi ya mchimbaji juu ya madini yake. Kapata, cité ya wafanyakazi wa Gécamines, inajua hadithi ile: miaka ya 1990 kampuni ilianguka, mishahara ikakatika, nyumba zikabaki.

Leo dunia inaimba « transition »: betri, magari ya umeme, kobalti yetu. Lakini kubadilisha mnunuzi si kubadilisha maisha. Code minier ya 2018 inapatia entités za mahali 15 % ya redevance. Basi tuulize kila mwaka, bila haya: feza ile imejenga nini hapa? Shule, maji, barabara: ukumbusho wetu ungekuwa paka ule.