Jina la Aliyelea

Mpwa wangu alipoandika jina la shosho wake kuwa jina lake la tatu, karani wa shule alilikata kwa kalamu nyekundu. "Andika la babako." Baba gani? Aliyemlea tangu miezi minne ni shosho.

Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu kilichozuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto wa nje ya ndoa mpaka baba akubali kinakiuka Katiba. Vyema. Lakini mlezi je?

Na msiniambie eti ni mila. Kwa Wakikuyu, mtoto aliyezaliwa bila ndoa alipewa majina ya upande wa mama, akawa wa nyumba hiyo.

Mtasema damu itapotea. Kwani nani kasema jina la baba lifutwe? Akijulikana, aandikwe kwenye cheti. Lakini jina ambalo mtoto ataitwa kila asubuhi liwe la mlango anaotokea.

Tunapenda kusema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi tuiandike hivyo hivyo kwenye fomu.