Jibu la mashine na amana ya mwandishi



Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alitaka kumwandikisha mwanawe wa mwisho katika shule moja ya Kiislamu. Aliichukua simu yake, akaiuliza akili mnemba siku ya mwisho ya kuandikisha. Jibu lilimjia papo hapo, kwa Kiswahili fasaha, likiwa na tarehe kamili. Akaitegemea. Alipofika shuleni aliambiwa kuwa mlango ulifungwa wiki mbili nyuma. Tarehe aliyopewa ilikuwa ya mwaka uliopita.

Tulipoifungua tovuti ya shule hiyo, tuliona asili ya mkasa. Tangazo la mwaka huu lilikuwepo, tena limepambwa vizuri, lakini lote lilikuwa picha. Tangazo la mwaka jana, ambalo hapana aliyekumbuka kuliondoa, lilikuwa maandishi ya kawaida. Mashine ilichukua kile ilichoweza kukisoma.

Hapo zamani kidogo, mwenye kutafuta jambo katika intaneti alipewa orodha ya kurasa, naye akachagua. Mei 2024 Google ilianza kuwawekea watumiaji wa Marekani jibu lililotungwa na akili mnemba juu ya orodha hiyo, na Oktoba mwaka huohuo ChatGPT nayo ikaanzisha huduma yake ya utafutaji. Mashine hizi hupekua kurasa kadhaa, huchota vifungu, huviunganisha kuwa jibu moja, na aghalabu huonyesha viungo vya kurasa zilizonukuliwa. Wengi huridhika na jibu wasifungue kiungo. Basi asiyenukuliwa huwa kama hakusema kitu.

Na pale wenye ujuzi wanaponyamaza, nafasi yao haibaki tupu. Mwezi huohuo wa Mei 2024, Google ilimshauri mtu aliyeuliza namna ya kuifanya jibini ishikane na piza kwamba achanganye gundi katika mchuzi. Chimbuko la ushauri huo lilikuwa mzaha ulioandikwa katika mtandao wa Reddit yapata miaka 11 kabla. Mashine haikutambua kuwa mtu yule alikuwa akitania.

Je, ni maandishi gani yanayonukuliwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzao walilijaribu jambo hili, wakatoa matokeo yao mwaka 2024. Waliona kwamba kurasa zilizotaja vyanzo, zilizoweka nukuu za wajuzi na zenye takwimu zilipata nafasi kubwa zaidi katika majibu, katika baadhi ya majaribio hadi kwa asilimia 40. Kurudiarudia maneno yanayotafutwa, hila iliyozoeleka ya kuivutia mitambo ya utafutaji, hakukusaidia.

Sisi tuliokulia katika elimu ya isnadi hatuoni ugeni katika hilo. Maneno hupata uzito pale inapojulikana nani aliyeyasema, na ameyapokea kwa nani.

Kwa hiyo tunawausia wasimamizi wa shule, madrasa, zahanati na vikundi vya Hija wenye tovuti. Andikeni habari zenu kwa maandishi, na bango la picha liwe pambo tu. Kichwa cha habari kiwe swali kama mzazi anavyoliuliza: “Ada ya darasa la kwanza ni kiasi gani?” Jibu lifuate katika sentensi ya kwanza, na maelezo yaje baadaye. Wekeni tarehe, jina la mwandishi na chanzo cha kila hesabu. Tangazo lililopitwa na wakati liondolewe, au liandikwe waziwazi kuwa limepitwa. Tena mwulizeni fundi wenu kama faili linaloitwa robots.txt halizuii mashine hizo kuingia, kwani tovuti nyingine zimefungwa pasi na mwenyewe kujua.

Hayo yote hayampi mtu dhamana ya kunukuliwa, maana wenye mitambo hubadili taratibu zao wapendavyo. Lakini hata kama mashine haikupita, mzazi atakayeufungua ukurasa atapata jibu lake bila taabu.

Tahadhari moja haina budi kusemwa. Mtu akisikia kwamba takwimu na nukuu huvutia mashine, shetani aweza kumnong’oneza azitunge. Huo ni uongo, na uongo ulioingia katika mashine husomwa na maelfu wasiomjua aliyeutunga. Anayeandika amebeba amana ya watu asiowaona.

Nanyi wazazi, msilipokee jibu la simu kama neno la mwisho. Fungueni kiungo, tazameni tarehe, kisha pigeni simu au mwende wenyewe. Wafundisheni watoto kuuliza: nani kasema, na lini?

Mama yule amepata nafasi kwingine, mbali zaidi na nyumbani, na mtoto huamka alfajiri kuwahi gari. Tulipozungumza na ofisi ya shule ile ya kwanza, walisikitika, wakaliandika upya tangazo lao kwa maandishi. Kazi hiyo haikuwachukua hata saa nzima.